Matanga ya Jitu

Mwenye nyumba wangu wa Kigera, hapa Musoma, aliwahi kunisimamisha getini akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuogopa, kwa nini nimechora ufunguo wa geti lake. Kadi ilikuwa imedondoka kibarazani: ufunguo wenyewe na meno yake yote, na chini yake nimeandika "Ufunguo wa Gereza la Chini". Nikamweleza kuwa ni ya mchezo. Akataka kujua mchezo gani. Nikamwambia ni ule ambao watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wanachofanya, dadu linaamua kama wamefanikiwa, na kila wanachookota njiani wanapewa kadi yake mkononi. Akatikisa kichwa. Wiki ile ile akabadilisha kitasa. Tangu hapo ananisalimia kwa wingi, "Hamjambo humo ndani," wakati anajua kabisa naishi peke yangu.

Nimepita arobaini. Nafanya kazi kwenye steshenari mjini Musoma: natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga laminesheni vyeti vya ubatizo na vya shule. Nikirudi nyumbani nachora vitu vya kwenye gemu. Ndugu zangu wanasema ningekuwa na watoto nisingekuwa na nafasi ya mambo hayo, na mimi huwajibu kwamba wao wana watoto na bado wana nafasi ya kunisema.

Sijui kuchora kitu ambacho sijakiona. Wachoraji wa kweli wanatoa mazimwi kichwani. Upande huo kichwa changu ni kitupu. Lazima kitu kiwe mbele yangu, nikishike, nikigeuze. Kofia ya chuma ya shujaa ni sufuria yangu ya wali niliyoifunika juu ya mtungi. Upanga wa mfalme ni panga la jirani la kufyekea, nimelinyoosha tu kidogo. Chupa ya buluu inayoponya majeraha ni chupa ya dawa ya kikohozi. Anayezijua kadi zangu vizuri anaweza kunihesabia vyombo vya ndani bila kufika kwangu.

Mambo haya yalianzia Bunda, Manyamanyama, nyumbani kwa baba. Baba alileta mashine ya gemu iliyotumika, ikaunganishwa kwenye televisheni, na mimi na mdogo wangu tukaingia humo tusitoke. Ilikuwa gemu ya kusafiri. Unapita mapangoni, unafungua masanduku, unaokota tochi, viatu, funguo, chupa ya buluu. Mdogo wangu alishika vitufe, mimi nilimwambia aende wapi. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu mashine ikaungua, na sisi tulikuwa katikati ya pango. Tulikataa kutoka. Tulikata maboksi ya sabuni, nikachora kila kitu alichokuwa amekwisha kuokota, nikampa mkononi, na nikaanza kumsimulia kilichokuwa kinaendelea. Tuliendelea hivyo miaka. Hatukujua kwamba duniani kuna watu wazima wanaofanya hivyo hivyo na kununua vitabu vya kanuni zake.

Mdogo wangu ndiye aliyewagundua hao watu, alipohamia Dar es Salaam. Alipata marafiki wawili kazini wanaopenda mambo hayo, akanipigia simu akiwa na furaha ya mtoto. "Dada, wewe ndiye msimuliaji. Hakuna mwingine." Akanitumia dadu lenye pande ishirini, mimi nikamtumia kadi kwa basi, zimepigwa laminesheni, zimefungwa kwa mpira. Kila Jumapili mchana niliegemeza simu kwenye kopo la sukari na kusimulia. Wao walikuwa mezani kule, mimi mezani huku. Niliona mikono yao ikipokezana vitu vyangu. Nyuso mara nyingi sikuziona, simu ilikuwa imelala vibaya, lakini mikono niliijua.

Halafu Jumapili zikaanza kupungua. Leo kuna mgeni, leo mtoto anaumwa, leo mtandao unasumbua. Mimi sikuuliza, nina ulimi mkali lakini kwa mdogo wangu unakuwaga mzito. Ndipo siku moja nikaona picha kwenye stetasi yake. Meza ile ile. Kadi zangu zimetandazwa, sufuria yangu ya wali ipo katikati. Vikombe vya chai vinne. Na pale panapowekwaga simu alikuwa amekaa mtu, kijana mwenye miwani, ameinua mkono anasimulia.

Niliumia. Niliumia kama mtu aliyepika pilau akasikia inaliwa nyumba ya pili. Mdogo wangu aliponiandikia aliandika kwa furaha tu: tuliona tusikuchoshe na mtandao, huyu jamaa yuko karibu, kadi zako zinapendwa hatari. Tumebakiza sura ya mwisho. Tunaomba utuchoree kiti cha mfalme.

Mtu mwenye akili angemtukana. Mimi nilianza kutafuta kiti. Nilijiambia kwamba kiti kikiwa kizuri kupita vyote, wakakishika, watauliza aliyekichora yuko wapi na kwa nini hayupo hapa. Sikuwa nataka sifa. Nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye mchezoni, basi, na kwa Musoma nzima sikuwa naye.

Kiti nilichokijua mimi kilikuwa Butiama, kwa shangazi. Kigoda cha miguu mitatu, cha gogo moja, kilichokuwa cha babu, kikaja kwa baba, na baba alipofariki kikawa cha mdogo wangu kwa kuwa ndiye mwanaume. Ila mdogo wangu ana makochi kule Dar, na kigoda hakikuingia kwenye basi siku aliyorudi Dar baada ya matanga, kwa hiyo shangazi akamtunzia. Alikifunga kwenye kanga na kukiweka juu ya kabati. Hakukikalia yeye wala hakumruhusu mwanamke mwingine kukikalia. Mara mbili kwa mwaka alikishusha, akakipaka mafuta, akakirudisha.

Shangazi ni mjane, watoto wake wako mbali, na ana hasira za karibu. Nilikwenda Jumapili, nikamkuta uani anamenya mihogo. Tukasalimiana, nikampa samaki, sato niliyombebea kutoka mjini, akaikagua macho na mashavu kama anataka kuirudisha. Baada ya chakula nikamwomba anishushie kigoda nikitazame. Akakishusha. Nikatoa rula, nikapima mguu, nikaandika. Nikapima upana, nikaandika. Nilipoinua kichwa niliona shangazi amesimama, kisu cha mihogo mkononi, uso umebadilika.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, shangazi."

"Mdogo wako kakutuma. Mmeshanizika? Mnapimaga vitu vya mtu mzima anawaona?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwetu, vitu vya mtu havipimwi wala havitazamwi sana akiwa hai. Anayefanya hivyo anahesabu mgawo. Na hata mtu akifa, hakuna kinachoguswa, hata kijiko, mpaka siku ya kumaliza matanga, ukoo ukae, mtu mmoja ainue kitu kimoja kimoja na kukitaja cha nani. Kwenye msiba wa baba, shemeji yetu mmoja alichukua koti la mvua la marehemu siku ya pili kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mpaka leo akitajwa, linatajwa koti kwanza.

Ilibidi nimweleze shangazi kila kitu. Nilitandaza kadi kwenye mkeka. Nilimwonyesha sufuria, ufunguo, chupa. Nilimweleza gemu, pango, dadu, simu na kopo la sukari. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza nikamweleza na ile picha ya vikombe vinne, jambo ambalo sikulipanga.

Shangazi hakunipa pole. Aliketi, akachukua dadu, akaligeuza geuza.

"Sasa hii inachezwaga vipi?"

Nikamwambia anaweza kuwa shujaa, mpiga upinde au mganga, achague. Akakataa. "Mimi ni mimi," akasema. "Nimetoka Butiama naenda kwenye hilo pango lenu." Nikamuuliza amebeba nini. Akasema amebeba jembe, chumvi, na kigoda cha mdogo wangu. Nikamwambia kigoda ni kizito, kitamchelewesha. Akasema atakiacha kwa nani? Basi nikamaliza kukichora hapo hapo, kwa penseli, nikampa kadi. Akaenda pangoni na kigoda kichwani.

Mlangoni mwa pango kuna jitu. Lipo kwenye kila mchezo wa namna hii, kazi yake ni kuuawa. Shangazi alirusha dadu, likatoka namba kubwa, jitu likaanguka kwa pigo moja la jembe. Nikafurahi. Nikatoa kadi tatu nikazipanga mbele yake: rungu, viatu vya chuma, chupa ya buluu.

"Haya, shangazi, vichukue."

"Vya nani?"

"Vya jitu. Limekufa. Sasa ni vyako."

Alinitazama kama alivyomtazama shemeji yule wa koti. "Nimemuua, halafu nimvue viatu? Ana ndugu huyu?"

Nilitaka kumwambia kwamba jitu halina ndugu, kwamba hakuna aliyewahi kuuliza, kwamba mimi na mdogo wangu tulivua viatu vya majitu yasiyo na idadi. Lakini yeye alikuwa anangoja jibu, na msimuliaji ni mimi. Nikasema anao. Ana mama mzee, mke, watoto, na kaka anayechunga ng'ombe ng'ambo ya mlima.

"Waite," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Jumapili ile yote tulikaa matanga ya jitu. Nilikuwa mama yake nikalia, nikawa kaka yake nikafika na hasira, na shangazi akalazimika kurusha dadu ili asamehewe, akasamehewa kwa shida. Kisha akaongoza mgawo. Aliinua kadi moja moja. Rungu kwa kaka. Viatu kwa mtoto wa kwanza, vitamtosha mbele ya safari. Alipofika kwenye chupa ya buluu aliuliza nani alimuuguza marehemu alipokuwa anaumwa mgongo. Sikujua kwamba jitu liliwahi kuumwa mgongo. Nikasema mama yake. "Basi chupa ya mama," akasema, akaiweka upande wa mama, ambapo hapakuwa na mtu, pana mkeka tu.

Nilirudi Musoma jioni ile natabasamu peke yangu. Jumapili iliyofuata nilirudi Butiama, na nyingine, na nyingine. Mchezo wetu haukusonga mbele hata kidogo. Kila aliyekufa alizikwa, kila aliyezikwa alikaliwa matanga. Ilibidi nichore vitu ambavyo hakuna gemu ingevihitaji: blanketi la joka, chungu cha mama wa mchawi, kijiti cha meno cha mlinzi wa daraja. Shangazi aliiba. Kama mgawo ulimpendeza alirusha dadu upya na kudai liliteleza. Aligombana na kaka wa jitu, ambaye alikuwa mimi, mpaka akaninyima ugali. Sijawahi kufurahi hivyo tangu maboksi ya sabuni.

Mdogo wangu alipiga simu kuuliza kiti. Nikamwambia bado hakijakamilika. Wiki kadhaa baadaye akapiga tena, akasema hawakunisubiri, sura ya mwisho wameimaliza, mfalme wamemkalisha kwenye kifuniko cha soda. Akacheka. Nikacheka na mimi, na nilipokata simu niliona kwamba sikuumia kama nilivyotegemea. Nilikuwa na mahali pa kwenda Jumapili.

Kisha ikafika siku ya mto. Shangazi alikuwa anavuka na kigoda chake kichwani. Mto haukuwa hatari. Niliuweka tu kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha nje nikaona unafaa. Akarusha dadu. Likasimama kwenye moja.

Moja ndiyo mbaya kuliko zote, na alikuwa anajua. Nikaharakisha kusema, "Umelowa tu, shangazi. Umeteleza, ukashika mti."

"Limesema nini?"

"Shangazi, msimuliaji anaruhusiwa..."

"Usinidanganyage. Nimekufa."

Alisema bila huzuni. Naweza hata kusema kwa utulivu wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta kanga magotini, akaniambia niwaite watu. Nikamuuliza niwaite kina nani. Akawataja: watoto wake, kwa kufuatana, wale walioko mbali. Mdogo wangu. Mimi. Nikawaita, hewani, mvua ikiwa inapiga bati, tukaketi wote, yaani mimi na yeye.

"Marehemu aliacha neno," akasema. Akachukua kadi zake kutoka kwenye kikopo alichokuwa anazitunzia. Jembe kwa binti yake mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyebaki analima huko aliko. Chumvi kwa mwanawe wa mwisho, ambaye hajui kupika. Alikuwa anainua kila kadi juu, anangoja, anaiweka chini mahali pake. Nilijaribu kuchekesha kidogo nikaona haichekeshi.

Ikabaki kadi ya kigoda. Aliishika muda. Ile penseli ilikuwa imeanza kufifia. Ndiyo kadi pekee ambayo sikuwahi kuipeleka kwenye laminesheni.

"Hii apewe yule aliyekuwa anakuja Jumapili," akasema.

Akaniwekea mkononi. Halafu, kwa haraka, kama aliyejikuta ameacha mlango wazi: "Kwenye karatasi tu. Nyumbani humu ni cha mwanaume. Usije ukamwambia mdogo wako."

Nikamwambia sitamwambia. Nililia njia nzima mpaka Musoma, nimegeukia dirishani ili abiria mwenzangu asiniulize.

Jumapili iliyofuata nilifika na mtu mpya tayari, mwanamke mfua vyuma, nimemchorea na nyundo. Nikatandaza mkeka. Shangazi akaendelea kumenya mihogo.

"Shangazi, twende. Utakuwa huyu."

"Mimi si mlinizika?"

"Unaanza upya. Ndivyo inavyochezwa. Kila mtu anafanya hivyo."

"Umenikalia matanga, umegawa vitu vyangu, halafu nirudi kama nani?" Hakuwa anatania. "Marehemu hachezagi."

Nilibembeleza. Nilikasirika. Nilimwambia ni karatasi tu, yeye mwenyewe alisema ni karatasi. Akanijibu kwamba kama ni karatasi tu basi nimrudishie kadi ile. Sikuwa tayari kuirudisha, naye alijua. Hivyo kanuni tuliyoitunga wenyewe ikanimalizia mchezo. Nilikunja mkeka. Jumapili mbili au tatu nilibaki Kigera, nikijiambia nina kazi. Nilichora nyundo, nikachora koleo. Dadu nililirusha mara moja mezani, likatoka kumi na saba, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwishowe nilikwenda, bila kadi, nimebeba sato tu. Nilipopinda kwenye mawe yaliyo karibu na kwake nikamwona shangazi uani pale pale, na mihogo yake. Mbele yake, chini ya jua, kulikuwa na kigoda. Kanga haipo. Kimepakwa mafuta kinang'aa. Nikadhani ni siku yake ya kupakwa. Nikasalimia, nikatafuta kwa macho mkeka wa kukalia, sikuuona.

"Kaa," akasema, akionyesha kwa kisu.

"Si cha mdogo wangu?"

"Akija mwenyewe utamwinukia."

Akasema hivyo bila kutazama njiani, nami sikutazama. Nikampa sato, akaikagua macho na mashavu. Nikakaa. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyokichora. Magoti yakanipanda mpaka kifuani, na shangazi akanisogezea kisu cha pili.